Mpira wa dawa mkononi, plasta inayobanduka, na ile baridi iliyokuja baada ya kusukumwa maji

"Shikamoo dada. Niko Tabora mjini, namuuguza dada yangu mkubwa mwenye saratani ya titi la kushoto, upasuaji bado. Dawa anachomwa Mwanza kila baada ya wiki tatu. Baada ya mzunguko wa pili mishipa ilikuwa imekwisha, wakamwekea mpira mrefu mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Tumeambiwa plasta ibadilishwe kila wiki kwenye zahanati ya karibu, na mpira usukumwe maji ya chumvi. Kwa joto la huku plasta inabanduka siku ya tatu, na chini yake ngozi inamwasha na imebadilika rangi. Nesi wa zahanati ni mkarimu lakini anasema hajawahi kuona mpira wa aina hii. Bibi anasema tupake asali, na asali ya Tabora unaijua. Jirani anasema mpira umefika moyoni, utolewe haraka. Kidonda chenyewe hakina usaha. Juzi, siku ya kumi na mbili tangu dawa, nesi aliposukuma maji, baada ya kama nusu saa dada alishikwa na baridi kali akatetemeka, kisha ikaisha. Tulipima malaria haikuonekana, tukampa dawa ya mseto kujihami, na panado. Sasa anakula vizuri. Tutumie plasta ipi? Na asali inafaa?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza.

Umeuliza kuhusu plasta na asali, nami nitakujibu yote mawili. Lakini kilichonifanya niache chai yangu mezani ni yale uliyoyaandika karibu na mwisho, kama mtu anayetaja jambo la pembeni: mpira ulisukumwa maji, nusu saa baadaye mgonjwa akatetemeka. Kama tangu siku ile hamjafika hospitali, acha kusoma hapa. Mpeleke leo, hata kama anakula, hata kama hana joto. Mko mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete iko karibu nanyi. Msisubiri tarehe ya Mwanza. Na mtu yeyote asiusukume tena mpira huo, si kwa maji wala kwa dawa, mpaka daktari amwone na damu ya kuotesha ichukuliwe, yaani ile inayowekwa maabara kuona kama bakteria wataota. Haya mengine utayasoma mkiwa kwenye benchi mnasubiri majibu.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuja juu.

Mpira alionao dada yako, kitaalamu PICC, ni mrija mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa wa juu ya kiwiko, ukapandishwa kwapani, ukapita chini ya mfupa wa mtulinga, na ncha yake ikaachwa kwenye mshipa mkubwa unaomimina damu moyoni. Kwa hiyo jirani yenu hajakosea sana: umefika karibu na moyo. Alichokosea ni kudhani kwamba hilo ni bahati mbaya. Umefikishwa pale makusudi. Dawa za saratani, hasa ile nyekundu ambayo wagonjwa wengi wa titi hupewa, zikivuja nje ya mshipa mdogo wa mkono huunguza nyama kiasi cha kuacha donda la miezi. Pale karibu na moyo damu ni nyingi na inakwenda kasi, dawa inachanganyika papo hapo, ukuta wa mshipa hauungui. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijiingiza mwenyewe mpira kupitia mkononi mpaka moyoni, akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei ili picha ishuhudie. Wakubwa zake hawakufurahi. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mwambie jirani kwamba hofu yake ina umri mrefu, na imekwisha kujibiwa.

Hatari ya kweli ni nyingine. Mpira huu ni njia iliyo wazi kati ya dunia ya nje na damu, na vijidudu vina barabara mbili za kuitumia. Ya kwanza ni kutoka kwenye ngozi, kupitia tundu la mpira, vikitambaa kwa nje ya plastiki mpaka ndani. Hiyo ndiyo barabara ya siku za mwanzo, mpira ukiwa mpya, na ndiyo plasta inayoizuia. Ya pili ni kupitia mdomo wa mpira, pale sindano inapochomekwa. Mpira ukishakaa wiki nyingi, kila aliyeushika akiwa ameushika kwa namna yake, barabara hii ya pili ndiyo inayoshika usukani. Nayo haionekani. Unaweza kuwa na tundu safi kama la siku ya kwanza, huku ndani ya mpira mambo yameharibika.

Chukua dumu la maji lililotumika muda mrefu. Ingiza kidole, utakuta utelezi umeshika ukutani. Ukilisuuza maji yanatoka meupe, lakini utelezi umebaki palepale. Ndani ya mpira bakteria hufanya hivyohivyo: hujishika kwenye plastiki, hujifunika ute, na chini ya ute huo dawa za kuua bakteria huwafikia kwa shida. Mgonjwa anakaa salama siku kadhaa. Halafu mtu anakuja na bomba la sindano lenye maji ya chumvi, anasukuma, na kipande cha utelezi kinabanduka na kumwagwa moja kwa moja kwenye damu. Nusu saa, saa moja baadaye, mwili unagundua. Baridi, kutetemeka, meno yanagongana. Kisha inapoa, kwa sababu kilichomwagika kilikuwa kidogo. Familia inashukuru Mungu. Wiki inayofuata mpira unasukumwa tena.

Ndiyo maana kwetu sisi tunaouguza wagonjwa hawa, kutetemeka kunakofuata kusukuma mpira ni maambukizi ya mpira mpaka ithibitike vinginevyo. Huenda dada yako hana kitu, na nitafurahi. Lakini hilo litasemwa na vipimo, halisemwi na hamu ya kula.

Umeandika pia kwamba kidonda hakina usaha, na nimeona jinsi neno hilo lilivyowatuliza. Lisiwatulize. Usaha ni nini? Sehemu yake kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokufa vitani. Dawa za saratani huziua chembe hizo pamoja na za ugonjwa, na kwa dawa nyingi idadi yake hushuka chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kuchomwa. Wewe umesema siku ya kumi na mbili. Mtu asiye na askari hawezi kuwa na maiti za askari. Kidonda cha mgonjwa kama huyu kinaweza kuingiliwa kisitoe tone la usaha, kisivimbe, kisiume sana. Dalili pekee inaweza kuwa joto la mwili, au baridi kama ile.

Somo hili mimi nililipata vibaya. Miaka ya mwanzo ya kazi, zamu ya usiku, alikuja kijana mwenye saratani ya damu, analalamika homa tangu jioni. Nilifunua plasta yake, nikaona tundu kavu, safi, nikamsifia mama yake kwa usafi. Nikawaambia wakae, daktari atawaona zamu ya asubuhi. Kabla ya adhana ya alfajiri presha yake ilikuwa imeshuka, na tukamkimbiza chumba cha uangalizi. Alipona, lakini si kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo huwa naanza na kipima joto, plasta baadaye.

Kwa hiyo nunueni kipima joto, kiwe cha nyumbani kwenu. Joto likifika nyuzi 38.3 hata mara moja tu, au likifika 38.0 na kukaa hapo saa nzima, ni dharura ya usiku huohuo. Sisemi kesho asubuhi. Lengo linalokubalika ni kwamba mgonjwa wa aina hii akifika, dawa ya kuua bakteria ianze kuingia mshipani ndani ya dakika 60. Na msimpe panado kabla hajapimwa joto na kuonwa. Panado itashusha joto, mtafika hospitali mgonjwa "hana homa", na mtarudishwa nyumbani na ugonjwa wenu mkononi.

Kuhusu malaria. Najua mnakaa wapi. Tabora ni mkoa wa malaria, na mtu yeyote wa huko akitetemeka wazo la kwanza ni hilo. Kupima ni sawa kabisa, mfanye kila mara. Lakini kwa mwenye mpira na anayechomwa dawa za saratani, jibu la malaria halifungi mjadala. Likiwa hapana, lazima itafutwe sababu nyingine. Likiwa ndiyo, anatibiwa malaria na bado damu yake inaoteshwa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Dawa ya mseto mliyompa bila kipimo kuonyesha malaria haikumsaidia lolote, na imewapa utulivu usiostahili. Silaumu. Nyumba ngapi zingefanya hivyohivyo.

Mtakapofika, damu ya kuotesha hutakiwa itoke sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye mpira, na kwenye mshipa wa mkono mwingine. Maabara yenye mashine ya kuotesha huangalia chupa ipi imeota kwanza. Ya mpira ikitangulia kwa saa mbili au zaidi, chanzo ni mpira. Kama siku hiyo kipimo hicho hakipatikani, dawa zisingoje kipimo. Baada ya hapo ndipo linakuja swali la jirani, kutoa au kutotoa. Linajibiwa kwa aina ya kijidudu na hali ya mgonjwa. Wapo bakteria wa kawaida wa ngozi ambao wakati mwingine mpira unaweza kuokolewa kwa dawa zinazojazwa na kuachwa ndani yake. Wapo wengine, kama yule bakteria wa majipu na vilevile fangasi wa damu, ambao wakionekana mpira unatoka, hakuna kubembelezana. Na mgonjwa akiwa anazidiwa, unatoka bila kungoja majibu. Ninyi nyumbani msiuvute. Narudia kwa ajili ya jirani: usivutwe nyumbani.

Haya, plasta.

Ile plasta ya nailoni inayoonyesha ndani ni nzuri: unaona tundu bila kuifungua, na inaweza kukaa hadi siku saba. Hizo siku saba ni kikomo cha mwisho, na zinahesabika pale tu plasta inapokuwa imeshika pande zote, ni kavu na ni safi. Ikinyanyuka ukingo, ikiloa, ikiingia vumbi, ibadilishwe siku hiyohiyo. Mmeambiwa "kila wiki" na mtu ambaye labda alikuwa anafikiria wodi yenye feni. Oktoba ya Tabora, kabla mvua hazijanyesha, ni habari nyingine. Jasho hukusanyika chini ya nailoni, ngozi inalowa kama vidole vya mfuaji, na penye unyevu ndipo vijidudu hustawi.

Kwa mtu anayetoka jasho jingi, miongozo yenyewe ya kutunza mipira hii inapendekeza gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, badala ya nailoni. Gozi safi ya pakiti, iliyofungwa kiwandani, juu yake plasta ya kawaida ya karatasi au kitambaa. Inapumua na inanyonya jasho. Gharama yake ni usumbufu: inabadilishwa kila baada ya siku mbili, na hamuoni tundu bila kufungua. Ukiweka gozi kisha ukafunika na nailoni juu, hesabu ni ya gozi, siku mbili. Wengi hudanganyika hapo. Mimi ningekuwa dada yako, miezi ya joto ningetumia gozi, na baridi ya Juni na Julai ningerudi kwenye nailoni.

Muwasho sasa. Angalia umbo lake. Kama ngozi iliyobadilika rangi inafuata mstari wa plasta, pembe nne kama muhuri wa barua, na inawasha kuliko kuuma, basi ngozi inagombana na gundi, au na dawa ya kusafishia iliyofunikwa kabla haijakauka. Hili la pili nimeliona mara nyingi kuliko la kwanza. Klorheksidini yenye spiriti inahitaji kama nusu dakika kukauka yenyewe. Ile ayodini ya kahawia inahitaji kama dakika mbili. Haipepewi kwa gazeti wala haipulizwi kwa mdomo. Ikifunikwa mbichi huunguza ngozi polepole, na pia inakuwa haijafanya kazi yake ya kuua. Lakini kama mabadiliko yamezunguka tundu lenyewe, panauma ukigusa, au pamekuwa na mstari mgumu unaopanda juu kufuata mshipa, hiyo si gundi.

Vitabu vingi vitakwambia utafute wekundu. Viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani kama wekundu. Unaona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, au ngozi inayong'aa kwa kuvutika. Tumia mgongo wa mkono wako uliooshwa: gusa juu ya plasta kuzunguka tundu, kisha gusa mahali hapohapo kwenye mkono mwingine. Upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwenzake, au dada akakunja uso, umepata jibu ambalo macho yasingekupa.

Wakati wa kubadilisha, plasta ibanduliwe kutoka chini kwenda juu, kuelekea bega. Ukibandua kwenda chini unavuta mpira nao unatoka. Kila mara pima kwa rula kipande kilicho nje, kuanzia kwenye tundu hadi kwenye mdomo, uandike. Kikiwa kirefu kuliko juzi, mpira umetoka kidogo: usiurudishe ndani, ufunge hapo ulipo, usitumike, arudi kwa waliouweka wapige picha. Mkasi usikaribie kabisa. Mpira ukikatika au kupasuka, ukunje na kuubana kati ya mpasuko na ngozi, kwa kibanio chake au hata kwa vidole, na mwende hospitali mkiwa mmeubana hivyohivyo. Hewa ikiingia akashindwa kupumua ghafla, alazwe ubavu wa kushoto, kichwa kiwe chini kuliko kifua, na mwombe msaada.

Asali. Naipenda asali ya Tabora, ile ya miombo, na sina ugomvi na bibi. Tena bibi ana hoja: asali huua bakteria wengi, na ipo asali iliyotayarishwa kiwandani kwa ajili ya vidonda, hospitali nyingine duniani huitumia. Lakini ile imepigwa mionzi kuua mbegu za vijidudu. Ya kwenye chupa ya sokoni inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo hazilisumbui tumbo la mtu mzima mwenye afya, ila kuziweka kwenye tundu linaloelekea kwenye damu ya mtu asiye na chembe nyeupe ni jambo lingine. Hata ile ya kiwandani ilijaribiwa huko Australia na New Zealand kwa wagonjwa 371 wenye mipira ya tumboni ya kusafishia damu, matokeo yakachapishwa 2014: haikuwa bora kuliko matunzo ya kawaida, na kwa wenye kisukari ilionekana kuleta maambukizi zaidi. Ule ni mpira wa sehemu nyingine, lakini tundu ni tundu. Ukiongeza kwamba plasta haishiki penye asali, na sisimizi wa kwenu siwajui kwa uvivu, jibu langu ni hapana. Hapana hiyohiyo kwa mafuta ya antibiotiki ya kwenye tyubu, ambayo wengi hudhani ni ya kitaalamu zaidi. Yakipakwa kwenye tundu la mpira wa aina hii hufungua mlango wa fangasi na hufundisha bakteria usugu. Pale panatakiwa pawe pasafi, pakavu, pasiwe na kitu.

Nesi wenu wa zahanati ninamheshimu kwa kusema kwamba hajawahi kuona mpira huu. Angenyamaza ingekuwa mbaya zaidi. Mpelekee haya. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kisha glavu. Mdomo wa mpira usuguliwe kwa spiriti sekunde 15, kusuguliwa hasa kama mtu anayekamua chungwa, halafu uachwe ukauke. Kupangusa mara moja na kuchomeka sindano hapohapo ni sawa na kutofanya. Maji yawe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kutoka chupa ndogo inayofunguliwa palepale kwa ajili yake peke yake. Yale ya dripu kubwa iliyofunguliwa asubuhi na kutobolewa kwa wagonjwa wote wa siku hapana, hata kama ni ya bure. Mpira usipotumika, kusukumwa mara moja kwa wiki kunatosha.

Na bomba liwe la mililita 10 au kubwa zaidi. Hapa watu hushangaa, maana bomba dogo la mililita 2 linaonekana la upole. Ni kinyume chake. Kidole kile kile, nguvu ile ile, ikiwekwa kwenye bomba jembamba hutoa shinikizo kubwa zaidi, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyotoboa zulia ambalo soli pana haikuliumiza. Bomba dogo linaweza kuupasua mpira ndani ya mshipa. Asukume kwa vipindi, kidogo, anasimama, kidogo, ili maji yazunguke na kusugua kuta. Yakigoma asilazimishe. Mkono huo usipimwe presha, usichomwe kanula, ule mrija mfupi wa dripu. Wa kushoto upo.

Siku za mwanzo nilikuwa nadhani usafi huu ni masharti ya wazungu wenye muda. Kisha nikasoma kilichotokea jimbo la Michigan, Marekani: vyumba 103 vya uangalizi maalumu vilikubaliana kufuata mambo matano wakati wa kuweka mipira hii, kunawa mikono likiwemo, pamoja na kusafisha ngozi kwa klorheksidini na kuutoa mpira usiohitajika. Ripoti ya 2006 ilionyesha maambukizi yamepungua hadi kwa asilimia 66 kwa muda wa miezi 18. Mambo yenyewe hakuna ambalo hospitali ya wilaya kwetu haiwezi kulifanya.

Kuoga kwenu kwa ndoo ni faida, sema tu hamkujua. Mkono unabaki nje, umefungwa nailoni ya kufunikia chakula iliyobanwa juu na chini kwa plasta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini ule mfuko wa mkate bado upo, na ukikatwa kitako unakuwa kama soksi ya mkono. Asitwange, asilime, asibebe ndoo kwa mkono huo. Lakini asiufiche kama umevunjika: afungue na kufunga kiganja, anyooshe kiwiko, anywe maji ya kutosha, kwa sababu mkono usiosogea hugandisha damu. Mkono, shingo au uso ukivimba, au mishipa ya kifuani ikajitokeza, hiyo ni dalili ya damu kuganda, nayo ni ya hospitali siku hiyo.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo ningependa mkamuulize daktari wa Mwanza: je, mpira huu bado ni chaguo sahihi kwa dada? Njia ni tatu. Kuendelea nao, kama maambukizi yatakuwa yameondolewa shakani na mkapata mtu wa kuutunza vizuri. Kuutoa na kurudi kwenye kanula ya kila safari: kama dozi za ile dawa nyekundu zilizobaki ni moja au mbili, na akapatikana mchomaji hodari, inaweza kuwa busara, ila hatari ya dawa kuvuja inarudi. Au kuwekewa porti, kile kidude kinachozikwa chini ya ngozi ya kifua. Hakina plasta kati ya safari na safari, anaoga atakavyo, kinasafishwa kama mara moja kwa mwezi, na huingiliwa na vijidudu mara chache kuliko mipira ya nje. Kinahitaji upasuaji mdogo, sindano zake maalumu, na fedha. Kwa mgonjwa anayekaa mbali na hospitali yake, mimi moyo wangu huegemea porti kama bima au ndugu wanaweza. Kama hawawezi, mpira wa mkononi uliotunzwa na mtu mmoja makini ni bora kuliko porti iliyokopewa ng'ombe.

Mtu huyo makini anaweza kuwa wewe. Safari ijayo Mwanza usikae nje na mabegi. Ingia, omba wakufundishe kubadilisha gozi, ufanye mbele yao mara mbili.

Kwa leo, andika maneno haya kwenye karatasi, uibane kwenye kadi yake, umpe wa kwanza atakayewapokea Kitete, kabla hajauliza jina: "Mgonjwa wa saratani, yuko kwenye dawa. Tarehe ya dawa ya mwisho: ... Ana mpira wa mshipa mkubwa mkono wa kulia, uliowekwa tarehe ... Alitetemeka nusu saa baada ya mpira kusukumwa maji, tarehe ... Malaria haikuonekana. Tunaomba joto, presha, hesabu ya chembe nyeupe, na damu ya kuotesha kutoka kwenye mpira na mkono wa kushoto. Simu ya daktari wake Mwanza: ..." Jaza nafasi zilizo wazi kabla hamjapanda bajaji.